Mdoli wa Leba

Mimi ni mkunga, na nimezalisha Katavi tangu kabla haijaitwa Katavi. Nilipoanza kazi Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na kila karatasi yetu ilisafiri hadi Sumbawanga kutafuta saini. Mwaka 2012 tukapata mkoa wetu. Tangu hapo tumejengewa mengi: vituo vya afya vyenye thieta, hospitali za halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, lami ya kwenda Tabora na ya kwenda Sumbawanga. Wanasiasa wakiyataja hayo majukwaani sipingi, maana gari la wagonjwa lililozama kwenye tope la masika nimelisukuma kwa mikono yangu.

Ila ushuhuda wangu si wa majengo. Nimeona akina mama wakifia ndani ya majengo ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Ninachoshuhudia ni jambo lisilokuwa na jiwe la msingi wala utepe wa kukata: jinsi madaktari wetu walivyofundishwa upya kazi yao wakiwa palepale kazini, na kilichowapata wagonjwa baada ya hapo.

Kwanza mjue daktari anafikaje kwetu. Kijana anasoma udaktari miaka mitano, kisha anafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali kubwa. Huko Muhimbili, Bugando au Mbeya, mgonjwa mmoja mahututi huzungukwa na bingwa, na wanaosomea ubingwa, na madaktari wa mafunzo, na wanafunzi nyuma yao. Kijana wetu anasimama safu ya tatu, ananyoosha shingo. Ameona mama mwenye kifafa cha mimba akitibiwa. Ameona, hajatibu. Halafu anapangiwa Katavi. Anashuka stendi ya Mpanda na begi lake, anapelekwa kituoni, na kabla wiki haijaisha yuko peke yake usiku, na mlangoni imesimama pikapu yenye mgonjwa. Katika miaka yangu yote sijakutana na daktari mjinga. Nimekutana na wengi walioachwa peke yao.

Dawa ya tatizo hili ilijulikana kuwa ni semina. Barua inakuja: kituo kitoe mtu mmoja aende Mbeya au Dodoma kwa siku tano. Nani anakwenda? Anakwenda mkubwa, kwa sababu kuna posho. Na mkubwa hashiki zamu ya usiku. Anarudi na mkoba wenye nembo, kalamu, cheti na kitabu cha mwongozo. Cheti kinatundikwa ukutani, kitabu kinafungiwa ofisini kisipotee. Sisemi kwa kijicho. Nami nimezila hizo posho, na wali wa hoteli za Mbeya ni mtamu. Lakini mama anayetokwa damu saa nane za usiku hakuwahi kufaidi chochote kutokana na wali ule.

Nitoe mfano mmoja. Kituo nilichokuwepo wakati huo sitakitaja, maana waliokuwepo ni watu wema. Aliletwa binti kutoka mashamba ya tumbaku, mimba ya kwanza, umri wa kukaa darasani. Kwetu si jambo geni. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16, Katavi ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: kati ya kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Na kifafa cha mimba hupenda sana mimba za kwanza, tena za wasichana wadogo. Kwa hiyo katika mkoa huu, daktari asiyejua kutibu kifafa cha mimba kwa mikono yake ni kama dereva asiyejua breki.

Yule binti alianza kudegedega bado yuko kwenye machela. Daktari aliitwa nyumbani, akaja mbio na ndala miguuni. Dawa ilikuwepo: magnesiamu salfeti, ndani ya vichupa vya asilimia 50. Sasa hapo ndipo penye kazi. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu nne, na haichomwi kama ilivyo. Unavuta mililita nane, unachanganya na mililita kumi na mbili za maji ya sindano ili ishuke hadi asilimia 20, kisha unaisukuma taratibu, dakika tano au zaidi. Halafu gramu kumi nyingine kwenye misuli, tano kila tako. Ukizidisha, mgonjwa anaacha kupumua. Yote hayo yule kijana aliyajua kwa mtihani. Lakini alikuwa hajawahi kuyafanya hata mara moja, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Akaomba kitabu cha mwongozo. Kitabu kilikuwa ofisini, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mtu. Akachagua kilichompa hofu ndogo: akampiga sindano ya kutuliza degedege aliyoizoea, akaandika rufaa. Binti alipona. Mtoto hakupona.

Kikao kilichofuata kilitafuta wa kulaumiwa, kikampata aliyefungia kitabu.

Mabadiliko yalikuja na mtu mmoja. Daktari alihamia kwetu kutoka mkoa mwingine, mtu wa maneno machache. Kwenye begi lake alikuwa na mdoli wa kujifunzia kuwahuisha watoto wachanga: unamjaza maji mpaka awe na uzito wa kichanga, kifua chake kinapanda ukimpa hewa sawasawa, na kitovu chake kinadunda ukibinya kibonge cha mpira. Tulidhani atamkabidhi mtunza stoo. Akauliza, "Mama, kuna meza gani leba haitumiki?" Nikamwonyesha. Akamlaza mdoli pale, karibu na mahali tunapopashia watoto joto, na ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, pembeni yake. Akasema huyu hatoki hapa, kifaa kikiingia stoo kimekwisha.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila tunapokabidhiana zamu, mmoja wetu anamhudumia mdoli kwa muda mfupi tu, asiyezidi wa kunywa chai: kumkausha, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa ikibidi, na kama halii, ambu iwe usoni kabla dakika ya kwanza haijaisha. Na mara moja kwa wiki, zoezi kubwa la wote. Nasema wote: daktari, tabibu, wakunga, mtu wa maabara, mhudumu anayepiga deki. Maana damu inapohitajika, anayetumwa kukimbia ni yule wa deki, na asipojua friji ya damu iko wapi tumekwisha.

Madaktari wawili tuliokuwa nao walidharau. Mdoli, walisema, ni kitu cha manesi. Basi yule mgeni akaanza yeye mwenyewe mbele yetu, akapiga magoti kwa sababu meza ilikuwa fupi, akaharibu makusudi ili tumkosoe. "Kifua hakipandi, kwa nini?" Kimya. Mkunga mwanafunzi ndiye aliyejibu kwamba shingo ameipinda mno na barakoa ya ambu inavuja pembeni. "Sawa. Nirekebishe." Binti wa chuo akamshika daktari mkono, akauweka panapotakiwa. Kwenye wodi zetu hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Walipofuata wale wawili, kifua cha mdoli kiligoma kupanda kwa wote wawili, na dharau ikaishia hapo.

Zoezi ambalo sitalisahau ni la kutokwa damu. Kuna kifaa kingine, tumbo la bandia lenye mtoto, kondo na mfuko wa damu ya uongo, ambalo mtu analivaa kiunoni analala kitandani kama mzazi. Tulimvalisha daktari mmojawapo, mwanaume mrefu wa ndevu, akalala kwenye kitanda cha leba miguu juu. Wahudumu walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Akazaa. Akaanza kumwaga damu. Sisi tukamvamia: mmoja anabonyeza tumbo, mwingine anatafuta mshipa, watatu wanazungumza kwa wakati mmoja, wawili wamesimama hawajui wafanye nini. Lilipokwisha tukamuuliza ameonaje. Alikaa kitako, tumbo la mpira likining'inia, akasema: "Hakuna hata mmoja aliyeniambia jina lake. Hakuna aliyeniambia mnanifanya nini. Nimeogopa, na mimi ni daktari."

Siku hizo kulikuwa na mabango ukutani kuhusu huduma yenye staha kwa mama mjamzito, yenye picha nzuri. Hayakuwahi kunibadilisha mimi wala yeye. Tangu alale kitanda kile, daktari yule haanzi kumpima mama bila kusema yeye ni nani na anataka kufanya nini.

Siku nyingine yule mgeni alitandika kanga na pamba, akamwaga maji mekundu aliyoyapima kwenye jagi, akatuuliza: mama huyu ametoka damu kiasi gani? Daktari akasema mililita mia mbili. Tabibu akasema mia na hamsini. Mimi niliyezalisha kwa miaka nikasema mia tatu. Zilikuwa mia tano, kiasi ambacho kitabuni mama anahesabiwa kuwa yuko hatarini. Kanga inameza damu na jicho linadanganyika. Kuanzia hapo tukaacha kukisia, tukawa tunakinga na kupima. Baadaye nilifurahi kusikia kwamba ulimwengu nao umefika hapo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000: damu ikikingwa na kupimwa kwa mfuko maalumu chini ya mzazi, na tiba zote za mwanzo zikatolewa kwa pamoja bila kusubiriana, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Sidai kwamba tulivumbua kitu. Asili ya mazoezi haya mafupi, kwa hapa nchini, ni Haydom, hospitali iliyoko Mbulu mkoani Manyara, mbali na mji kuliko hata sisi. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayeshindwa kupumua. Walipopimwa tena kwenye mdoli walifanya vizuri sana. Walipoangaliwa kwenye chumba cha kuzalishia, hakuna kilichobadilika. Watu wengine wangeandika ripoti kwamba mafunzo yamefanikiwa, wakapiga picha ya pamoja. Wao wakakiri kwamba siku moja haitoshi, wakaanzisha mazoezi ya dakika chache, ya mara kwa mara, mlemle wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Madaktari walewale, dawa zilezile.

Mtindo huo ukapelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Geita, Mwanza, Shinyanga na jirani zetu wa reli, Tabora. Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani. Kati ya wajawazito karibu 300,000 waliofuatiliwa, vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75, kutoka takribani 240 hadi 60 kwa kila 100,000. Niliposomewa namba hizo niliomba zirudiwe.

Sisi hatukuwa kwenye utafiti wowote. Mimi ninazo sura za watu, na moja nitaisimulia.

Alikuja mama kutoka upande wa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni Watanzania. Mimba ya saba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chumvi, na mama mkwe wake ndiye aliyetafsiri. Alijifungua salama, mtoto akalia. Kisha mfuko wa uzazi ukalegea, kama inavyotokea kwa waliozaa sana. Mfuko wa kukinga damu ulipofika mia tano nikaita kwa sauti neno tulilokubaliana kwenye mazoezi.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, hata mwaka hajamaliza kwetu. Aliingia, akasimama miguuni pa kitanda ambako angeona kila kitu. Hakukimbia. Akamtazama mama mkwe: "Bibi, mwambie anatoka damu nyingi, tutamsaidia, asiogope tukimbonyeza." Kisha akaanza, jina kwa jina, dawa kwa dawa.

"Mama, oksitosini yuniti kumi, msulini."

"Oksitosini yuniti kumi, msulini. Imeingia."

"Sista, mishipa miwili, sindano kubwa, dripu ziende."

"Mkono wa kulia tayari. Wa kushoto tayari."

"Traneksamiki gramu moja, mshipani, polepole dakika kumi."

Kila aliyeambiwa alirudia alichoambiwa, na alipomaliza akasema nimemaliza. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshika saa na karatasi, anaandika. Mkojo ukatolewa kwa katheta, maana kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haukazi. Mhudumu wa deki alikuwa ameshatoka bila kutumwa, anakwenda kumwamsha mtu wa maabara. Daktari akaomba kondo la nyuma, akalitandaza kwenye beseni, akapitisha vidole ukingoni mwake pole pole, kote. Akasimama mahali pamoja. "Kuna kipande kimebaki." Akavaa glovu ndefu, akamwambia bibi atafsiri kwamba sasa itauma kidogo, akampa dawa ya maumivu, akakitoa. Nikausikia mfuko wa uzazi ukikaza chini ya kiganja changu, mgumu kama unavyotakiwa.

Huyo binti sikumwuliza alisoma chuo gani. Nilichokijua ni kwamba tukio lile alikuwa amelifanya kwenye tumbo la bandia, pamoja na sisi, tena na tena, na kila mmoja wetu alijua nafasi yake. Mama wa Mishamo aliongezewa damu, na siku alipotoka alikuwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe aliniletea kuku, na nilimla.

Mafunzo ya namna hii yakishazoeleka leba, hayabaki leba. Wale madaktari walianza kuulizana mambo ya wodi nyingine. Kwa miaka, mtoto mwenye homa Katavi alikuwa na malaria hata kipimo kikikataa. Anapewa dawa ya mseto, anarudishwa nyumbani, na nimonia yake anaondoka nayo. Sasa namwona daktari amemwinua mtoto fulana, saa mkononi, anahesabu pumzi dakika nzima bila kuzungumza na mtu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha arobaini kwa dakika, hilo ni jambo jingine. Dakika hiyo moja haina gharama wala haihitaji umeme. Na mama anapoandikiwa dawa anaombwa aeleze yeye atakavyoitoa nyumbani. Wafugaji wengi wa huku ni Wasukuma, na wapo wazee ambao heshima yao kwa daktari ni kuitikia ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo ile iliwahi kutupotezea wagonjwa.

Tangu 2024 tumeona pia madaktari bingwa wa Rais Samia wakizunguka kwenye halmashauri. Watu hupanga foleni kuanzia alfajiri, na haki yao. Nilichopenda mimi si idadi ya waliopasuliwa. Nilimpenda bingwa aliyekataa kushika kisu, akasimama nyuma ya daktari wetu na kumwacha apasue yeye huku akimwelekeza. Mwingine alifanya upasuaji wote peke yake, haraka na kwa ustadi, akapanda gari akaondoka. Ametibu wagonjwa wake, Mungu ambariki, ila ustadi wake aliondoka nao.

Na hili la kuondoka ndilo linaloniuma. Mkoa huu umewahi kuwa na daktari asiyeondoka. Adrian Atiman alizaliwa huko Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akapelekwa kusomea utabibu kisiwani Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa Mpanda, na hapo alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60, sehemu moja. Baada ya uhuru wakaja madaktari wasaidizi, AMO kama tunavyowaita, kada iliyoanza kufundishwa miaka ya 1960 na iliyobeba upasuaji wa wajawazito vijijini kwa miongo mingi. AMO mmoja mzee ndiye aliyenifundisha kusikiliza tumbo kwa sikio kabla ya mashine. Alikuwa mkali, na mkono wake haukukosea.

Leo daktari akiiva, anahama. Anakwenda kusoma ubingwa, anafuata mwenza wake, anatafuta shule ya watoto. Simlaumu, hata yule wa mdoli alituaga. Lakini alipoondoka zoezi halikufa, na sababu ni kwamba hakulifanya kuwa lake. Ratiba ilikuwa kwa wakunga, mdoli alikuwa wa wodi, na daktari mpya anayeripoti anakuta kazi inaendelea, anaambiwa apige magoti. Wengine hununa. Tunawasubiri.

Nisieleweke kwamba mafunzo ni kila kitu. Oksitosini isiyokaa kwenye friji ya nyuzi joto mbili hadi nane ni maji tu, na daktari mwenye mikono ya dhahabu hawezi kuichoma ikaleta kitu. Damu bado hutuishia. Mkunga mmoja bado hubaki na wazazi wengi usiku. Mama akichelewa kijijini, tunampokea kwa kilio. Ndiyo maana namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga naitangaza mpaka kanisani. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022, na kushuka huko kumeletwa na mambo mengi kwa pamoja. Hata hivyo nimekaa kwenye vikao vya kupitia vifo, sasa hivi ambapo havitafuti tena aliyefungia kitabu, na ninajua ni mara ngapi dawa ilikuwepo, damu ilikuwepo, gari lilikuwepo, na kilichokosekana ni mtu aliyewahi kulifanya lile jambo kabla ya usiku ule.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na wa mkoa, ombi langu ni jepesi na halihitaji mfadhili. Barua ya semina ikija, ulizeni kwanza nani yuko zamu usiku, mpelekeni huyo, na akirudi asilipwe posho ya mwisho mpaka awe amewafundisha wenzake wote kwa vitendo wodini. Mdoli akiwa stoo, mtoeni leo. Na daktari mpya asipangiwe zamu ya usiku peke yake kabla hajalala yeye mwenyewe kwenye kile kitanda, na tumbo la bandia kiunoni.

Na wewe msomaji, kama uko kwenye kamati ya kituo cha afya cha kata yako, iwe Mwese, Inyonga, Usevya au Ikola, mna haki ya kuuliza. Pakishasomwa taarifa ya fedha na ya ujenzi wa uzio, nyoosha mkono uulize hivi: daktari wetu na wakunga wetu walifanya zoezi pamoja lini mara ya mwisho? Wakitaja wiki hii, wapigieni makofi. Wakitaja mwaka jana, iandikwe kwenye muhtasari, na mkaiulize tena kikao kijacho.